Letaru Ukutani

Andama aliileta ndani ya gunia la unga,
keekee ya umeme, ya kijani, imechubuka puani,
waya umezungushwa shingoni kama kamba ya mbuzi.
"Haina ugonjwa," akasema. "Haisikii tu."

Hapa Oli nimetengeneza vitu vya kutosha kujua:
akikwambia hakina ugonjwa, muulize anakitumiaje.
Nikauliza. Akamtazama mkewe.

Letaru alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni,
mkono wa kulia umeinuka kidogo, vidole wazi,
kama mtu anayengoja kuitwa.

Miaka miwili, walinieleza kwa kupokezana.
Andama huweka ncha juu ya mvule, penye alama ya penseli,
husema, "Washa,"
na Letaru, ukutani, huchomeka plagi.
Keekee hukurupuka, haijui polepole,
hula mbao hadi itokee upande wa pili.
"Zima!"
Naye huchomoa.
Vitanda kumi na vinne. Madawati ya shule. Jeneza moja, usiku.

"Siku moja alichelewa," akasema Andama.
"Mtoto alikuwa ananyonya," akasema Letaru.
Gumba la Andama lina mshono. Sikuuliza zaidi.

Nilianzia mbali, maana mwenye haraka hununua kipuri kisichohitajika.
Plagi: miguu imebadilika rangi, lakini imara.
Waya: nikaupinda pale unapoingilia mpini,
mita ikaendelea kulia bila kukatika. Mzima.
Makaa: yamebaki urefu wa ukucha, yatafika Krismasi.
Kisha skrubu saba, ya sita imeliwa kichwa,
nikaibembeleza kwa bisibisi na matusi ya chinichini.

Ganda likaachana. Vumbi la mvule likamwagika mezani,
la kahawia, jembamba, likatupiga chafya sote watatu,
na mtoto akacheka.

Nikagusisha ncha za mita kwenye swichi,
kidole changu kikiwa mbali na kitufe.
Mita ikalia.
Nikabonyeza: ikalia.
Nikaachia: ikalia,
kama mtu aliyesahau neno "hapana".

Ndani, vibati viwili vilivyoumbwa vikutane na kuachana
vilikuwa vimeyeyuka vikawa kimoja.
Ncha butu, mti mgumu, umeme wetu huu wa kupanda na kushuka:
kila siku cheche moja, mpaka pakashikana.

Ningeweza kuvibandua kwa kisu.
Wiki moja vingeachana, wiki ya pili vingerudiana,
na mimi sitaki jina langu litajwe hospitalini.
Nikafungua kopo la biskuti nililojaza swichi za mashine zilizokufa.
Ya kwanza ndefu. Ya pili imepungukiwa mguu.
Ya tatu ilikubali baada ya kuonjeshwa tupa.
Nilikuwa nimechora waya kwenye kiganja, kahawia juu, buluu chini;
jasho lilifuta buluu, lakini kahawia ilitosha kunikumbusha.

Umeme ukakatika. Bila shaka.
Tukala mihogo. Mtoto akalala.

Ulipotua saa kumi na moja, Letaru hakuambiwa.
Akaenda ukutani, akachomeka,
akabaki ameikamata plagi, mabega juu, macho yamefumbwa.
Kimya.
"Achia," nikamwambia.
Hakuachia.
"Letaru. Plagi imo ndani, na keekee imelala. Achia."

Akaondoa kidole kimoja kimoja.

Andama alinyoosha mkono. Nilimpa mkewe.
Akabonyeza kidogo: ikanong'ona.
Akabonyeza zaidi: ikapandisha sauti.
Akaachia, ikasimama kabla mtu hajasema lolote.
Akatafuta kipande cha mbao, akatoboa tundu.
Akatoboa jingine. Hayakuwa ya kitanda wala ya mlango,
matundu tu, mstari uliopinda, tisa, kumi, kumi na moja.

"Elfu kumi na tano," nikasema.
Andama akashika kiuno, akaanza hadithi ya kumi.

"Lipa," akasema Letaru,
kidole kikiwa bado kwenye kitufe.